Mume wangu anataka ndugu yangu mwenye TB arudishwe kijijini

SWALI

Hujambo mama? Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, naishi Mukuru kwa Reuben hapa Nairobi. Majibu yako kwa wengine huwa nayasoma, na leo ni zamu yangu, maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi.

Ndugu yangu mdogo alikuja kutoka nyumbani Kitui kutafuta kazi, tukampokea. Nyumba yetu ni chumba kimoja cha mabati, kumi kwa kumi, tumekigawa kwa pazia. Huku ni kitanda chetu na watoto, kule analala yeye kwenye godoro chini, karibu na jiko. Alipata kibarua kwenye gereji moja upande wa Viwandani, kuchomelea vyuma, analipwa kwa siku. Kukohoa kulianza polepole. Alikuwa akinunua dawa ya maji kwenye kemisti, akipata nafuu anarudi kazini, kikohozi kikirudi ananunua nyingine. Alikonda mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Usiku analowa jasho, asubuhi naanika shuka kama za mtoto. Mwishowe nikamburuta hadi zahanati ya serikali, wakachukua makohozi, majibu yakatoka kwamba ni TB.

Akaanzishwa dawa. Mwanzoni alizimeza vizuri, akaanza hata kuomba kuongezwa ugali. Halafu tajiri wake akaiona ile kadi ya kliniki mfukoni mwake, akamwambia akae nyumbani mpaka apone kabisa. Bila senti. Mama, ndugu yangu ni mtu wa haya. Kula chakula cha shemeji yake bila kuleta kitu kunamuua. Akawa anasema ameshiba hata hajaonja. Dawa akizinywa tumbo likiwa tupu zinamchefua, kwa hiyo akaanza kuruka siku moja, mara mbili, na sasa ni wiki kadhaa hajazigusa. Anasema kikohozi kimepungua, amepona. Siku aliyochelewa kwenda kuchukua dawa, muuguzi alimkaripia mbele ya foleni nzima, akamwambia akiendelea hivyo ataitiwa chifu akamatwe. Tangu hapo hataki kusikia neno kliniki.

Mume wangu si mtu mbaya. Ndiye aliyetuma nauli ndugu yangu akaja. Lakini sasa amemtengea kikombe, amekifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake ili watoto wasikosee, na anasema mwisho wa mwezi shemeji apande basi arudi Kitui, kwa sababu mtoto wetu mdogo ana miaka mitatu na analala hatua mbili kutoka kwake. Anasema kama ni uzembe wa kuacha dawa, basi aende akauzembee kwao.

Mama yetu naye kule kijijini anasema hii si TB. Tuna kesi ya mpaka wa shamba na baba mdogo, na mama anaamini ndugu yangu amerogwa kwa sababu ndiye kijana aliyesimama kwenye baraza la wazee kututetea. Amepata mtu wa kumwangalia. Anataka mwanawe aje, na aziache dawa za hospitali kwanza ili zisishindane na hizo nyingine.

Majirani wao wanasema ni ukimwi. Mimi nakaanga mandazi kwenye geti la ploti, na wateja wangu wa asubuhi sasa wanavuka kwenda kwa mwingine. Msimamizi wa ploti ameniuliza kama ni kweli nina mgonjwa wa kifua ndani, maana wapangaji wanalalamika.

Nimwache aende au nimzuie? Na hili limetoka wapi? Ni mji huu, ni mambo ya nyumbani, au ni kosa lake mwenyewe kama mume wangu anavyosema?

Dada wa Mgonjwa, Mukuru

JIBU

Pole sana, mwanangu. Nianze na lisilongoja: ndugu yako arudi kliniki kesho asubuhi, na wewe ufuatane naye.

Kikohozi kupungua si kupona. Dawa za TB huua vijidudu vingi mapema, ndiyo maana mtu hurudiwa na hamu ya kula baada ya muda mfupi. Lakini kuna vingine vinavyojificha kwenye mapafu bila kufanya kelele, na hivyo ndivyo vinavyohitaji miezi yote 6. Akiachia njiani vinaongezeka tena, na baadhi huenda vikawa havisikii dawa. Hapo ndipo TB sugu inapozaliwa, ambayo dawa zake ni nzito zaidi na humchosha mgonjwa zaidi. Msichukue pakiti zilizobaki nyumbani mkaanza kumpa kimyakimya. Wahudumu wanapaswa kupima makohozi upya, kisha waamue kama ataendelea alipoachia au ataanza mwanzo.

Sasa hilo la chifu. Najua vitisho hivyo vimetoka wapi. Mwaka 2010 wagonjwa wawili wa TB walioacha dawa kule Kapsabet walipelekwa mahakamani na kufungwa jela, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Kesi ilifika Mahakama Kuu hapa Nairobi, na Machi 2016 mahakama ikaamua kwamba kumweka mgonjwa wa TB gerezani kwa ajili ya matibabu ni kinyume cha Katiba. Mwambie ndugu yako hivyo kwa maneno yako mwenyewe, usiku huu, ili kesho asiwe anatembea akiangalia nyuma. Muuguzi aliyemtisha alikosea, na kumwaibisha mbele ya foleni kulikuwa kosa kubwa zaidi. Nimevaa ile sare miaka mingi na najua uchovu wake, najua muuguzi mmoja anavyofanya kazi ya watu watatu. Bado, mgonjwa anayekaripiwa harudi, na asiporudi mtaa mzima unalipa. Kama hawezi kumtazama muuguzi yule usoni, aombe barua ya uhamisho aende kituo kingine cha umma. Ni haki yake, na hamtalipia: kupimwa TB na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali.

Kuhusu kichefuchefu, amwambie mhudumu wazi. Mara nyingi ataruhusiwa kunywa dawa na uji mwepesi, au atabadilishiwa saa. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa kusimtishe, hiyo ni kazi ya rifampisini, moja ya dawa za TB. Lakini macho yakigeuka manjano, asimeze kidonge kingine, aende kituoni siku hiyo hiyo. Pombe, kama anatumia, aiweke kando mpaka amalize.

Nimwendee mume wako. Hofu yake ni ya mzazi, na usiibishie. Mtoto wa miaka mitatu anayelala chumba kimoja na mtu mwenye TB ya mapafu yumo hatarini kweli. Chanjo ya BCG aliyopewa alipozaliwa humkinga zaidi na zile TB kali za utotoni, kama ile ya utando wa ubongo. Haiwezi kumwekea ukuta dhidi ya kila aina. Kwa hiyo hofu ni sahihi, ila anachotaka kufanya nayo ndicho kisichosaidia.

Mkaelezane hivi, ninyi wawili. Wakati wa hatari kubwa kabisa ulikuwa ile miezi ya dawa ya maji ya kemisti, kabla hamjajua. Hewa ile watoto walishaivuta. Kumpandisha mjomba wao basi leo hakutaiondoa vifuani mwao. Kinachowakinga sasa ni wao kuchunguzwa, na wasipokutwa na TB, kupewa dawa za kuizuia, hasa huyo wa miaka mitatu. Kinachowakinga zaidi ni mjomba kumeza vidonge, kwa sababu dawa zikifanya kazi inavyotakiwa, baada ya kama wiki mbili uwezo wa mgonjwa kuambukiza hushuka sana. Mtu wa kuogopwa Nairobi ni yule anayekohoa kwenye matatu iliyofungwa madirisha na hajawahi kupimwa. Ndugu yako, akirudi kwenye dawa, atakuwa ndiye mwenye TB mnayejua yuko wapi na anatibiwaje.

Na ule uzi mwekundu uondolewe. TB haikai kwenye kikombe, wala sahani, wala taulo. Inasafiri hewani, mtu akikohoa, akipiga chafya, akiimba, na mwingine akaivuta. Nguvu mnayoitumia kulinda kikombe ielekezeni kwenye hewa ya chumba. Mpaka kliniki iseme vinginevyo, godoro lake lihamie upande wa mlango, na watoto walale mbali naye kadiri kumi kwa kumi inavyoruhusu. Mchana mlango ubaki wazi na pazia lifungwe juu. Usemapo nyumba ya mabati nadhani dirisha ni dogo au halipo. Muulizeni msimamizi wa ploti kama mnaweza kukata nafasi juu ya ukuta, chini ya paa, muweke wavu wa nyaya wezi wasipitishe mkono. Ni kazi ya saa chache, na fundi wa vyuma mnaye ndani ya nyumba. Akohoapo azibe kwa kitambaa au kiwiko. Mchana akae nje kwenye jua.

Je, aende Kitui? Sikatai. Wapo waliopona vizuri kijijini, kwenye hewa na mayai ya kuku wao. Ila asiende hivi alivyo, bila dawa, akikohoa ndani ya basi kwa saa nyingi na abiria hawajui. Aanze dawa, akae nazo mpaka kliniki iseme hali yake inaruhusu safari, apewe barua ya uhamisho, mjue kwa jina ni kituo gani cha Kitui kitampokea na kiko mbali gani na kwenu, na abebe vidonge vya kumfikisha huko. Na uamuzi uwe wake. Mtu mzima hatumwi kama mzigo.

Umeuliza kosa ni la nani. Hapa nitakaa kidogo, maana naona swali hili ndilo linalowararua kuliko hata kikohozi.

Mama yenu hajakosea kuuliza "kwa nini yeye?" Hospitali ilijibu swali moja tu, kwamba huu ni ugonjwa gani. Haikumwambia mama kwa nini, kati ya vijana wote, umempata wake. Pengo hilo likijazwa na kesi ya shamba simshangai. Kesi ipo, uchungu upo, na kijana ndiye aliyesimama mbele ya wazee. Usimbishie kwa dharau. Mwambie, "Mama, omba, na mambo ya mpaka tutayamaliza kwa wazee, lakini dawa hazisimamishwi hata siku moja." Mwambie pia kwamba dawa za miti zinaweza kuchosha ini ambalo tayari linafanya kazi ngumu ya kusafisha dawa nne tofauti, kwa hiyo asinyweshwe chochote kabla kliniki haijajua.

Lakini swali la mama lina jibu. Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alisimama mjini Berlin akatangaza kijidudu kinachosababisha TB, na hadi leo tarehe hiyo ndiyo Siku ya TB Duniani. Kijidudu ni kweli. Ila kinaingia vifuani mwa watu wengi mno, na wengi wao hawaugui maisha yao yote, kwa sababu mwili unakibana. Anayeugua mara nyingi ni yule ambaye mwili wake umelemewa. Shirika la Afya Duniani linataja mambo matano yanayoongoza katika kulemea huko: lishe duni, virusi vya ukimwi, pombe, sigara na kisukari. Weka juu yake chumba kisicho na dirisha, karakana iliyojaa moshi, na matatu ya asubuhi na jioni. Sasa mtazame ndugu yako. Alilala wapi? Alikula nini mchana akiwa kazini, kama si chai na mkate ili abaki na cha kutuma kwa mama? Nani alimpa ruhusa ya kwenda kupimwa, wakati siku asiyofanya kazi ni siku asiyolipwa? Alikwenda kwa kemisti kwa sababu kemisti yuko wazi saa mbili usiku na zahanati imefungwa. Mume wako anauita uzembe. Mimi naona mtu aliyekuwa akipiga hesabu ya mlo na nauli, na hesabu ikamwangusha.

Huko Uingereza vifo vya TB vilikuwa vimekwisha kushuka sana kabla streptomisini, dawa ya kwanza iliyoiweza, haijapatikana katika miaka ya 1940. Wataalamu wanabishana mpaka leo ni nini kilichofanya kazi kubwa zaidi, chakula, nyumba bora au kuwatenga wagonjwa, lakini kidonge hakikuwa bado kimetengenezwa. Maisha yenyewe yalikuwa yamebadilika.

Hata mji wetu huu ulichorwa na hofu ya magonjwa. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, wakuu wa kikoloni waliteketeza kwa moto soko la Wahindi. Mwaka 1913 akaja Profesa Simpson kutoka Uingereza, akashauri miji ya huku igawanywe kwa rangi za watu, kwa kisingizio cha afya. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye msongamano, na alipougua huko akaambiwa ni mchafu. Nalisema hili kwa sababu wapangaji wenzako wanarudia jambo lile lile bila kujua: wanaona ugonjwa, wanatafuta mtu wa kumfukuza. Akiondoka ndugu yako, chumba kitapangishwa wiki hiyo hiyo kwa kijana mwingine wa kibarua, na dirisha litakuwa bado halipo.

Hao wapangaji nao waambiwe ukweli, kwa sababu yeye naye kuna mtu alimwambukiza. Huenda yuko gerejini, huenda yuko milango mitatu kutoka kwenu, na hajui. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta wenye TB wengi wakiishi na watu bila kujulikana, na mzigo ulikuwa mkubwa zaidi kwa wanaume na kwenye miji. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na begi. Mwombe aje azungumze na ploti nzima kuhusu kikohozi, bila kutaja jina la mtu, na anayekohoa apewe kopo la makohozi pale pale. Msimamizi akiona mtaalamu amekuja, na wengine wanapimwa, maneno yatapungua. Ukiulizwa na mteja, mjibu bila kuinamisha kichwa: TB haipiti kwenye mandazi. Kuna watakaorudi na kuna watakaoendelea kuvuka barabara.

Hilo la ukimwi, kila mgonjwa wa TB Kenya hushauriwa kupima virusi, kwa sababu virusi hudhoofisha kinga na TB hupata nafasi. Wapo wengi wenye TB wasio na virusi. Majibu yake ni siri yake na kliniki. Hata wewe usimwulize, mwache akuambie akitaka. Ikiwa vipo, dawa zake pia ni bure na zinakwenda pamoja na hizi.

Tajiri wa gereji. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyekaa kazini miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Tazama, siku hizo 14 karibu ni muda ule ule ambao dawa huchukua kumfanya asiwe hatari kwa wenzake. Lakini nisikudanganye, kibarua wa kulipwa jioni huwa hana karatasi, na matajiri wengi hulitumia hilo. Kliniki iandike barua inayosema anatibiwa na ni lini anaweza kurudi kazini bila kuambukiza. Aipeleke kwa upole, ikiwezekana afuatane na mume wako. Wapo waajiri wanaoogopa tu kwa kutojua, na barua huwatuliza. Akikataa kabisa, ofisi ya leba ipo na kusikilizwa hakulipiwi. Na kabla ya kurudi kazini, aulize pia kama kazi ya moshi inamfaa mapema hivyo.

Huko kukaa bila senti ndiko kunakowaangusha wagonjwa wengi wa TB Kenya. Dawa bure, ndiyo, lakini nauli si bure, chakula si bure, na siku ya kazi iliyopotea hairudi. Shirika la Afya Duniani husema gharama za TB zikizidi asilimia 20 ya mapato ya mwaka ya nyumba, familia hiyo imo kwenye maangamizi. Mna watu wazima watatu na mapato yamekatika kwa wawili. Mnaukaribia mstari huo, kwa hiyo msione haya kuomba. Ulizeni kliniki kama kuna unga wa lishe kwa waliopungua uzito, hutolewa mara kwa mara. Kama hamjajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, jisajilini, si kwa ajili ya vidonge hivi, ni kwa ajili ya eksirei au kulazwa ikitokea. Na kama una chama cha wanawake cha kuchangiana, kikijua kinaweza kukupa zamu yako mapema.

Kuna haya zake za kula. Hili ni la mume wako kuliko wewe. Mwanamume akikataa sahani ya dada yake, neno la dada halimsaidii. Likitoka kwa shemeji linamwingia. Mwombe mume wako amwambie hivi tu: "Kula, shemeji, tutahesabiana ukipata nguvu." Kisha chakula kiwe kimoja kwa wote, maharagwe, ndengu, omena, mayai yakipatikana, kila mtu kwa sahani yake na wote mkiwa mmekaa pamoja. Mpeni kazi anayoiweza, kuanzia na ile nafasi ya hewa ukutani, na kumsaidia mkubwa na masomo nje mlangoni jioni. Na mtu mmoja wa nyumbani awe shahidi wa vidonge kila siku kwa saa ile ile. Ningependa awe mume wako.

Mwambie pia, akilalamika kwamba miezi 6 ni mingi, kwamba zamani ilikuwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Miaka ya 1970 wagonjwa wa hapa kwetu, wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, walishiriki majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na yakaonyesha kwamba rifampisini au dawa nyingine iitwayo pirazinamidi ikiongezwa, miezi 6 inaweza kutosha. Walikuwa watu kama yeye, vibarua na wakulima. Dunia nzima ikafuata.

Umebaki wewe. Katika barua nzima hukusema kama umepimwa. Wewe ndiye uliyeanika shuka, uliyelala ukisikiliza kifua chake, na ndiye utakayekuwa wa mwisho kukumbukwa. Kesho mandazi yasubiri. Nendeni wote, ndugu yako, wewe, mume wako akipata ruhusa, na watoto wawili. Bebeni kadi yake na pakiti zote za dawa, zenye vidonge na zilizo tupu, ili wahesabu wenyewe, pamoja na vijitabu vya kliniki vya watoto. Fikeni mapema, kabla foleni ya kifua haijajaa, na msiondoke kabla huyo wa miaka mitatu hajapimwa uzito na kuandikiwa dawa yake.